Sampuli Kumi na Sita za Klabu ya Tarrabyn

Mwanaume wa Tarrabyn atakuonyesha kovu la goti lake kabla hujamaliza kumsalimia. Atakusimulia jinsi ng'ombe wake alivyozaa vibaya, mkono uliingia mpaka wapi na ulitoka na nini, huku anakula. Lakini mpe vichupa viwili vya plastiki vyenye vijiti, mwambie akwaruze kinyesi chake mwenyewe siku mbili, avifunge kwenye bahasha avirudishe posta, na utaona atakavyokuwa na haya kuliko mimi. Na mimi ni mtu ambaye nikiitwa jina langu kwa sauti natafuta pa kujificha.

Vichupa hivyo huletwa na posta kutoka serikali ya Australia, bure, kila baada ya miaka miwili, kwa watu wote wa makamo. Vinatafuta damu isiyoonekana kwa macho, maana saratani ya utumbo mpana huvuja damu kidogo kidogo muda mrefu kabla ya kuuma. Wanawake wa kwetu huvirudisha wiki hiyohiyo. Wanaume huvitia kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri zilizokwisha na funguo za magari waliyouza zamani, na humo hukaa mpaka tarehe ipite.

Mwaka jana akaja Profesa Philippa Dunstone kutoka Melbourne na utafiti wake. Alikuwa amegundua kwamba mwanaume wa mashambani haogopi kufa. Anachoogopa ni kushindwa na mji wa jirani. Hapo hakukosea hata kidogo. Akazishindanisha klabu kumi na mbili za matufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira mizito kwenye nyasi fupi. Klabu ambayo wanaume wake wangerudisha vipimo vingi zaidi ingepewa ngao na kujengewa paa la kivuli upande wa viti. Sisi tulikuwa tumelililia paa hilo miaka tisa. Lorrup, mji ulio mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, walikuwa na paa tayari, na walilitaka la pili kwa sababu tu sisi tulilitaka la kwanza.

Mimi naosha vyombo na kukata saladi kwenye klabu yetu, kwa hiyo nasikia mengi kupitia dirisha la jikoni. Katikati ya Aprili, zikiwa zimebaki siku tatu mashindano yafungwe, habari ilifika kwamba Lorrup wamerudisha vyote. Kwetu walikuwa wamebaki wanaume wanane. Mmoja wa wanane hao alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Darryl Petschel, mtu mnene aliyeuza matrekta maisha yake yote na ambaye bado hukuongelesha kana kwamba unataka kununua moja.

Darryl aliwakusanya wenzake saba kwenye kaunta akawauliza nani atafanya kesho. Walitazama zulia. Mmoja alisema kipimo chake alikisahau shambani. Mwingine alisema tumbo lake halipendi kupangiwa. Garth Noske, ambaye aliwahi kujishona mwenyewe kidole kwa uzi wa gunia, alisema hawezi kugusa kitu kama kile, atatapika.

Wakati huo Mzee Elwin Hilbig alikuwa kwenye kona yake anakunywa bia ndogo. Alikuwa na miaka sabini na saba. Ndiye aliyekuwa akitengeneza soseji za kukaushwa kwa moshi zinazoliwa Tarrabyn nzima, kwa namna waliyokuja nayo mababu wa babu zake kutoka Ujerumani, na kila majira ya baridi mimi humsaidia kwenye banda lake kuosha utumbo wa kujazia nyama. Ni mtu mpole. Majivuno yake ni mawili tu, soseji zake na choo chake. Kila siku saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, tangu alipooa. Hakuna mtu mjini ambaye hajaelezwa jambo hilo, wengine zaidi ya mara moja.

Darryl alimgeukia polepole, kama mtu anayeona trekta zuri limeachwa barabarani.

"Elwin, mzee wangu, bado unakwenda saa ileile?"

"Unaweza kurekebisha saa yako kwangu."

"Basi klabu ina ombi."

Alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Miaka arobaini nawalisha, sasa mnataka na kinachobaki." Kisha akaweka mikono juu ya meza, na nikaona kwamba ameliona jambo lile kuwa heshima. Yeye mwenyewe serikali iliacha kumletea vichupa alipotimiza sabini na tano. Kwenye ofisi fulani walikata shauri kwamba baada ya hapo haina haja tena. Alikuwa amelalamika sana wakati ule, si kwa hofu ya ugonjwa. Alihisi ameachwa kwenye timu.

Basi asubuhi mbili mfululizo, Jumanne na Jumatano, nilisimama nje ya choo cha klabu na sinia la keki mikononi, vichupa vinane juu yake. Niliitwa mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mdogo na unasomeka. Mzee Elwin alikuwa ndani akiimba wimbo wa kanisani. Mkono wake ulitoka mlangoni ukachukua kichupa, ukakirudisha, ukachukua kingine. Mimi niliandika jina la mtu, tarehe, jina la mtu, tarehe. Vichupa kumi na sita kwa siku mbili, tumbo moja. Vinatakiwa vikae penye ubaridi, kwa hiyo vilikaa kwenye friji nyuma ya saladi ya viazi. Saladi ile nilisema imeharibika. Sinia nilisema limepotea.

Tulishinda. Lorrup walifungana nasi, ikabidi waamuzi waangalie nani alitangulia kusajiliwa, na tulikuwa sisi. Tarehe ya kukabidhiwa ngao ikapangwa mwanzoni mwa Julai.

Wiki tatu baadaye zikaja barua.

Ya kwanza ilikuwa ya Garth. Aliingia klabuni mchana, akaiweka juu ya kaunta. Darryl akatoa ya kwake mfukoni. Kufikia jioni zilikuwa nane, zimepangwa kama karata, na zote zilisema kitu kimoja. Damu imeonekana. Muone daktari wako.

Wanaume wanane walizitazama. Kila mmoja alijua hasomi habari za tumbo lake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa damu ile ilikuwa ya nani. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha na sahani mkononi, nikingoja mtu aseme twende kwa Elwin. Nyumba yake iko mtaa wa pili. Ukitembea taratibu unafika kabla chai haijapoa.

Darryl ndiye aliyeongea. Alisema jambo hili linataka busara. Alisema mzee akiambiwa sasa atashtuka, na mtu wa umri ule mshtuko si mzuri. Alisema pia, kama anayekumbuka jambo dogo, kwamba ngao haijakabidhiwa bado na fundi ameshapima mahali pa nguzo. Tutamwambia baada ya sherehe, kwa utulivu. Wengine walitikisa vichwa. Garth aliuliza kama haingekuwa vizuri mtu amdokezee tu, akaulizwa mtu gani, akaikunja barua yake. Halafu Darryl akaliona dirisha langu.

"Na wewe, binti, hukusikia kitu."

Nikasema ndiyo. Hilo ndilo neno nililosema.

Wakati huohuo, huko Melbourne, Profesa Dunstone alikuwa anahesabu. Kwa kawaida katika watu mia wanaopimwa, saba hivi ndio huonekana na damu. Klabu moja ya mji mdogo, wanane kwa mpigo? Alipiga simu akisema amesikitika sana. Nilipokea mimi, na sijawahi kusikia mtu aliyesikitika akipumua kwa furaha namna ile. Siku nne baadaye alikuwa kwetu na wasaidizi wawili na madodoso yenye kurasa thelathini. Walipima maji ya kisima. Walipima vumbi la maghala ya ngano. Waliuliza watu wanakula nini, na kila mtu, akiwemo mchungaji, akasema anakula soseji za Mzee Elwin.

Hapo Profesa akaweka kalamu chini. Aliita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa akatueleza, kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi, kwamba nyama ya kukaushwa na kutiwa chumvi inajulikana kwa muda mrefu kuongeza hatari ya saratani ya utumbo, na kwamba hapa huenda tumepata mfano ambao dunia itajifunza.

Kwa wiki sita nilikuwa nimewaona wale wanane wakikosa sauti ya kumwambia rafiki yao anavuja damu. Sasa walipata sauti, na mji mzima pamoja nao. Walisimama juu ya viti. Walisema babu zao walikula soseji hizo wakafa na miaka tisini. Walisema Melbourne wanakula majani na bado wanakufa. Mama mmoja alilia. Darryl alitoa hotuba ndefu kuhusu urithi wetu na jasho la wazee wetu, akapigiwa makofi. Waliandika barua kwa gazeti. Walitengeneza stika za kubandika kwenye magari. Soseji ilikuwa na watetezi mia mbili.

Aliyenyamaza ni Elwin. Alikaa mstari wa nyuma, kofia magotini. Alikuwa amepungua. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na akipanda ngazi tatu za ukumbi alisimama katikati kana kwamba anaangalia mandhari.

Kesho yake alinikuta bandani akaniambia tusiwashe moto wa moshi mwaka huu. Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilijua.

"Nimewaua rafiki zangu wanane, binti. Sasa niwashe moto wa nini?"

Vichupa vya Aprili hakuvihusisha kabisa; kwake vilikuwa vya kuhesabiwa tu kwa ajili ya ngao, na damu ya wale wanane alidhani imeonekana kwa daktari. Alichukua kikapu cha malimau ya bustani yake, akazunguka mji mlango kwa mlango kuwaomba radhi. Nilikwenda naye kumbebea kikapu, kwa sababu alikuwa anachoka. Milango minane. Kwenye kila mlango alivua kofia, akasema hakujua, alifanya kama baba yake alivyomfundisha, na kama kuna la kufanya waseme. Na watu wale, nawaapia, walimsamehe. Garth alimshika bega, macho yakamlengalenga, akasema usijali mzee. Darryl aliegemea mlango kama mtu anayepima ukubwa wa kosa, kisha akamwambia, "Yameshapita, Elwin. Hakuna kinyongo." Akachukua malimau sita.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikapu. Nilifungua mdomo. Darryl alinitazama, nikaufunga. Nataka mjue hivyo, maana nikiwacheka hawa nisijifanye nilikuwa Lorrup.

Ili wasimwambie mtu mmoja neno moja, wanaume wanane walikubali kuingizwa kamera nyuma. Hilo bado linanishangaza. Profesa aliwafanyia mpango wasisubiri foleni, maana walikuwa muhimu kwa sayansi. Siku moja kabla, wote walikunywa ile dawa ya kusafisha tumbo, lita mbili mbili, nyumba nane, na kwa saa kadhaa Tarrabyn ilikuwa mji wa milango kufungwa kwa kishindo. Garth, ambaye hakuweza kugusa kijiti, alipiga simu klabuni akiniuliza kama tuna karatasi za chooni za akiba. Asubuhi walipanda basi dogo kwenda hospitali ya mkoa, wameketi kwa tahadhari sana, na barabarani basi lilisimama mara tano.

Mwenye damu yake alikuja kuwaaga. Alisimama kando ya basi akawapungia mkono.

Julai, siku ya ngao, ukumbi wa klabu ulijaa. Nguzo za paa zilikuwa zimeshasimama nje. Mwandishi wa gazeti alikuwepo. Nilikuwa napanga vikombe mwisho wa ukumbi, na Elwin alikaa karibu yangu kwa sababu hapo ndipo pana kiti chenye mto. Nilikuwa nimemuuliza Darryl wiki ile kama leo ndiyo siku atakayoambiwa mzee. Alisema mambo yametulia, tusiyachokonoe, na kwamba wakati mwingine vipimo hivi vinadanganya, yeye amesoma.

Profesa Dunstone alitangaza matokeo akiwa na uso uliochanganyikiwa. Wanaume wote wanane wamechunguzwa. Hakuna mwenye saratani. Watatu, akiwemo mwenyekiti, wamekutwa na vinyama vidogo ambavyo miaka ijayo vingeweza kugeuka, vimekatwa na kutolewa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinavuja damu. Kwa nini vipimo vilionyesha damu, hilo sayansi bado inalitafuta, na atahitaji fedha za utafiti miaka mitatu zaidi. Ila jambo moja ni wazi, alisema. Kipimo kile kimeokoa maisha ya Bwana Petschel.

Watu walisimama wakapiga makofi. Darryl aliinama kidogo, mkono kifuani, kama aliyejiokoa kwa juhudi. Elwin alipiga makofi kuliko wote. Alinigeukia akaniambia, "Hawafi. Sikuwaua." Machozi yalikuwa yanamtoka, na alipojaribu kusimama hakuweza, akashika ukingo wa meza yangu, vikombe vikagongana.

Sauti iliyotoka sikuitambua kuwa yangu.

"Mavi yalikuwa ya Mzee Elwin."

Neno lile sikuwahi kulitamka mbele ya watu, na sasa nilikuwa nimelitamka mbele ya mchungaji.

Darryl alicheka. Akasema binti huyu ana kazi nyingi jikoni, amechoka, mpeni maji. Nikasema mimi ndiye niliyeshika sinia. Nikasema majina niliandika mimi, vichupa kumi na sita, waangalie mwandiko. Nilimtazama Profesa tu, kwa sababu yeye peke yake ndiye asiyenifahamu.

Profesa alimwuliza Darryl kama ni kweli. Darryl alianza kueleza kuhusu roho ya ushirikiano wa klabu. Aliyejibu ni Elwin, kutoka kwenye kiti chake, na alijibu kwa fahari, kwa sababu alikuwa bado hajafika mwisho wa jambo.

"Ni kweli. Yote yangu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, siku mbili, wala sikupungukiwa."

Watu wachache walicheka. Halafu nikamwona anafika. Kofia iligeuka mikononi mwake mara moja, mara mbili. Aliwatazama wale wanane, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule wa milango aliyobisha. Hakuna aliyemtazama.

Profesa Dunstone alikuwa anafika pia, upande wake. Niliona utafiti wake unamtoka usoni, kisima, vumbi, soseji, miaka mitatu ya fedha, vyote. Na nitamsifu kwa hili, maana nimemcheka vya kutosha. Aliweka ngao chini sakafuni, akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka kwa mzee, akachuchumaa. Hakumuuliza habari za udanganyifu. Alimuuliza amepungua kilo ngapi na tangu lini. Kisha akauliza kwa nini hakuletewa kipimo chake mwenyewe.

"Nilizeeka," Elwin alisema.

Alimpeleka mkoani kwa gari lake jioni hiyohiyo. Nilikwenda nao, aproni bado mwilini.

Walimkata utumbo urefu wa kiganja. Uvimbe ulikuwa umetoboa ukuta na kugusa tezi mbili za jirani. Daktari mpasuaji, kijana mwenye haraka, alisema dawa zitajaribiwa, na kwamba ungekutwa Mei lingekuwa jambo jingine. Alisema Mei kama mtu anavyotaja kituo ambacho basi limeshapita.

Wanane wale walikuja wodini Jumapili, wote pamoja, ili asiwepo wa kubaki naye peke yake. Walisimama kuzunguka kitanda wakaongea kuhusu mvua. Wakaongea kuhusu nyasi za uwanja, na kwamba Lorrup wamepewa ngao na paa, nguzo zetu zimeng'olewa zikapelekwa huko kwa lori. Elwin aliitikia kila kitu. Darryl alikohoa, akasema, "Tulikuwa tunakusudia kukuambia, mzee."

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako," Elwin alisema.

Waliondoka mmoja mmoja, wakitafuta mahali pa kuweka miguu.

Nilibaki nikimkunjia blanketi. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa uso wa mtu asiyetaka kushukuriwa. Aliniuliza barua zilifika lini. Nikamwambia, mwanzoni mwa Mei. Akahesabu kwa vidole juu ya shuka, taratibu, wiki kwa wiki, mpaka Julai. Vilikuwa vidole tisa.

"Na siku zote hizo ulikuwa bandani kwangu."

Nilisema niliona haya.

Alinitazama sana, bila hasira, kama anavyotazama nyama kujua kama inafaa.

"Haya ya nani, binti?" akasema. "Tumbo lilikuwa langu."